Neno Lililompoozesha Baba

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari ya kutwa huku Siakago, na kwa karibu mwaka mzima niliugua ugonjwa wa neno moja. Neno lenyewe ni "pallid". Maana yake ni kitu kilichopungukiwa na rangi: uso uliopauka, mwanga uliofifia, chai isiyokolea majani.

Nililipata kwa njia ya halali. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walikuwa na mazoea ya kumfanya kila mhusika katika insha zao ageuke "pale", Kiingereza cha aliyepauka. Mlango ukigongwa, uso pale. Akiitwa na mwalimu mkuu, pale. Akiona nyoka, akiona polisi, akiona matokeo ya mtihani, pale tupu. Na hawa ni watoto wa Mbeere, watoto wa jua kali, wanaokuja shuleni kwa miguu kwenye vumbi jekundu. Sijawahi kumwona hata mmoja wao akigeuka rangi yoyote isipokuwa ya hilo vumbi. Wikendi moja nilisahihisha insha hizo mpaka kalamu nyekundu ikakauka. Jumatatu nikaingia darasani nikalipiga neno hilo marufuku. Kisha, kwa kuwa mwalimu hawezi kubomoa asijenge, nikafungua kamusi kuwatafutia lingine.

Wanafunzi hawakulitaka. Nililipenda mimi.

Nikaanza kulitumia kila mahali. Katika kumbukumbu za mkutano wa walimu niliandika kwamba wanachama wamelalamika kuwa chai ya saa nne ni "pallid". Naibu wa mwalimu mkuu, aliyesoma haraka haraka akidhani nimeandika "valid", alisimama na kuuliza kwa uchungu: kama chai ni halali, watu wanalalamikia nini? Mjadala ulichukua nusu saa, na chai ilibaki vilevile.

Kisha nikaliandika kwenye ripoti ya mwanafunzi mmoja mvivu kupindukia. Nilisema juhudi zake muhula huo zilikuwa "pallid". Wiki moja baadaye baba yake, mchuuzi wa mbuzi, alifika shuleni amevaa koti na kofia, amekumbatia jogoo mwekundu aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani.

"Mwalimu," aliniambia, "nimesomewa ripoti na jirani. Ati pallid!" Akakunja ngumi akaipiga hewani, kama mtu anayesifu injini ya trekta. "Mimi sikujua huyu mtoto anaweza kuwa pallid. Nyumbani analala tu."

Nikaelewa kwamba jirani yake alilichukulia neno hilo kuwa ndugu wa "solid", yaani imara. Nilipaswa kumweleza ukweli palepale. Lakini mzee alikuwa akitabasamu hadi magego, na jogoo alikuwa ameshawekwa mikononi mwangu.

"Aendelee kujitahidi," nikasema.

Jogoo nilimla Jumapili, na aibu ikanishika baada ya kumaliza mchuzi. Mwenzangu anayefundisha Kiswahili, mama mmoja mkali kutoka Maua, alinionya. "Mwalimu, una neno moja linakutembeza kama mbwa anavyomtembeza kipofu. Kama unataka kusema uso umeharibika rangi, Kiswahili kina 'kusawijika'. Litumie hilo, uache kuhangaisha wazazi wa watu." Nilimwambia nitafikiria. Sikufikiria.

Shule zilipofungwa Agosti nikapanda kwetu Kibugu. Ukitoka Siakago kwenda Kibugu mwezi huo ni kama kuhama nchi: unaondoka na jasho, unafika ukungu umelala juu ya majani chai na mama yako amekwisha kutoa sweta mbili kabla hujashuka kwenye boda. Mimi ndiye kitinda mimba. Kaka yangu mkubwa ana duka la vifaa vya ujenzi Embu mjini, na dada yangu ameolewa Thika. Kwa hiyo likizo zote mwalimu ndiye anayekuja kukaa na wazee, na sisi watatu tunapashana habari kwenye kundi la WhatsApp la familia. Kwa kuwa mume wa dada hajui Kiembu, na mke wa kaka anadai haelewi Kiswahili changu, kundi hilo linaendeshwa kwa Kiingereza. Nadhani hapo ndipo shida ilipoanzia.

Baba ni mtu wa sabini na kitu, mwembamba, mwepesi, mwenye masikio makubwa na hasira fupi. Maisha yake yote yako kwenye ile ekari moja na nusu ya majani chai iliyoteremka nyuma ya nyumba. Asubuhi ya tatu tangu nifike aliingia jikoni, akakaa kwenye kigoda karibu na moto, akapewa uji. Akanywa mikupuo miwili, akauweka chini.

Nikamtazama. Sijui nisemeje. Baba ni mweusi, mweusi wa kung'aa, wa kujipaka mafuta kila asubuhi mpaka paji linakuwa kama kiatu kipya. Asubuhi hiyo mafuta yalikuwepo lakini mng'ao haukuwepo. Chini ya ule weusi mlikuwa na kitu cha kijivu, kama makaa yaliyoanza kufunikwa na majivu. Midomo yake ilikuwa kama nduma iliyomenywa.

"Baba, unajisikiaje?"

"Najisikia baridi. Wewe hujisikii?"

"Uso wako hauko sawa."

"Huo ni uso wangu wa kila siku. Umesahau kwa sababu unakaa na Wambeere."

Mama, aliyekuwa akichagua mawe kwenye maharagwe, alisema bila kuinua kichwa, "Ni uzee, mwanangu. Hata mimi sipendezi tena." Baba akacheka kidogo, akachukua panga lake, akasema anakwenda kwa jirani wa ng'ambo ya kijito kukata majani ya ng'ombe.

Sikuridhika. Kwetu mtandao hupatikana kwenye dirisha moja tu la sebuleni, upande wa kushoto, simu ikiwa imesimama. Nikaenda dirishani nikaandika, na ninaukumbuka ujumbe wangu neno kwa neno: "Good morning family. Dad looked rather pallid this morning. I am monitoring the situation." Yaani baba amepauka, nami nafuatilia hali. Nilijisikia vizuri nilipoutuma. Ulikuwa ujumbe wa mtu aliyesoma. Nikaiacha simu palepale dirishani, nikajifunga leso kichwani, nikachukua kikapu, nikateremka na mama kuchuma chai.

Tulichuma mpaka saa saba. Mama huchuma akisimulia, na hadithi zake haziwezi kukatishwa: nani ameoza binti, nani ameuza ng'ombe, nani amehamia kanisa lenye vinanda. Tulipokuwa tukipanda kurudi, vikapu mgongoni, nikasikia nyimbo.

"Kuna mkutano kwa nani leo?" nikamuuliza mama.

Mama akasimama, akasikiliza. "Kwetu," akasema.

Uani mwetu kulikuwa na pikapu ya kaka yangu, bado ina matope ya njiani. Kulikuwa na boda tatu. Kulikuwa na wanawake kumi na zaidi wa kanisa letu wakiimba kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo watu huiweka akiba kwa wagonjwa mahututi. Katikati yao alisimama mchungaji, amefumba macho, mkono mmoja juu. Mkono wa pili ulikuwa umeshika kiti cha magurudumu, kipya kabisa, bado kina karatasi za plastiki kwenye mikono yake.

Mama aliangusha kikapu. Nami nikadhani baba amekufa.

Kaka yangu alitoka ndani ya nyumba mbio. Ni mtu mkubwa, ana mabega ya kubeba saruji, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mmemweka wapi?" akanipigia kelele. "Tumetafuta vyumba vyote! Mtu aliyepooza mnamweka wapi?"

"Nani amepooza?"

"Baba!"

"Baba amepooza?" Mama akashika kichwa. "Lini? Asubuhi alikunywa uji!"

"Si mwalimu mwenyewe ameandika?" kaka akasema, akiwa ameshanitolea simu yake usoni. "Nimepiga simu mara ishirini. Dada amepiga. Hakuna anayeshika. Tukajua mambo yameharibika."

Nikasoma kundi. Chini ya ujumbe wangu mzuri dada yangu alikuwa ameandika, "What??" Kisha kaka: "Paralysed since when?" Yaani amepooza tangu lini. Dada: "Which side?" Kaka: "Teacher answer us. LEFT OR RIGHT?" Kushoto au kulia. Mume wa dada, mtu wa upole, alikuwa ameweka picha ya mikono miwili ya kuomba. Kisha hapakuwa na maandishi tena, ila orodha ya simu ambazo hazikujibiwa. Kaka alikuwa amesoma haraka, kaunta ikiwa imejaa wateja, macho yake yakaona herufi ya kwanza na ya mwisho, na katikati akajazia mwenyewe. Kutoka hapo habari ilihamia kwenye kundi la ukoo, na kutoka ukoo ikaingia kanisani. Kiti kilitoka Runyenjes, kwa baba mdogo, ambaye alikumbuka kwamba kanisa lao liliwahi kupewa viti vitatu na wageni na kimoja bado kilikuwa stoo, akakileta mwenyewe.

"Sikuandika paralysed," nikasema. "Niliandika pallid."

"Na pallid ni nini?"

Kabla sijajibu, mchungaji alifikia mwisho wa ombi lake. Alikuwa amemwombea baba viungo kimoja kimoja, kuanzia vidole vya miguu kwenda juu, na sasa alikuwa kwenye shingo. "Bwana," akasema kwa nguvu, "mwinue mzee huyu! Atembee!"

Na baba akatokea kwenye kona ya zizi, anatembea.

Alikuwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani na panga mkononi. Aliposimama kuwaangalia watu wote hao, wanawake wakaacha kuimba. Kisha mama mmoja akapiga kigelegele, mwingine akapokea, na uwanja mzima ukalipuka. Mchungaji alifumbua macho, akamwona baba, na sijawahi kuona mtu akishangazwa hivyo na kazi yake mwenyewe.

"Ametembea!" akasema, karibu kwa kunong'ona.

"Nani amekufa?" baba akauliza.

Wote wakamrukia. Walimshika mikono, walimshika magoti, mmoja akambusu shavuni. Baba alijitetea kwa mzigo wa majani kadiri alivyoweza. "Niacheni! Mimi nimetoka kwa jirani! Mtu hawezi kwenda kukata majani bila watu kumtoa shetani akirudi?" Alipokiona kiti cha magurudumu akauliza ni cha nani. Kaka akasema, kwa unyenyekevu, "Ni chako, baba." Baba akageuka akaniangalia mimi. Sijui alijuaje.

Ikabidi nieleze. Nikasimama kwenye ngazi ya jikoni mbele ya ukoo na kanisa, leso kichwani, nikasema kwamba neno nililotumia ni la Kiingereza na halihusu kupooza hata kidogo. Linahusu rangi.

"Rangi gani?" akauliza baba mdogo.

"Rangi ya uso. Baba alikuwa amepauka."

"Mtu mweusi anapauka wapi? Yeye ni ukuta?"

Watu wakacheka. Nikatafuta Kiembu chake sikukipata. Nikakumbuka mwenzangu wa Maua. "Namaanisha," nikasema, "uso wake ulikuwa umesawijika."

Baba mdogo akamtazama mchungaji. "Hicho nacho bado ni Kiingereza?"

Ilikuwa aibu ambayo siwezi kuipima. Kaka alikuwa amefunga duka siku ya soko. Dada alikuwa njiani kutoka Thika analia ndani ya gari la watu. Mama alikuwa amekaa juu ya ndoo anacheka na kulia kwa pamoja. Nikawa nataka kuomba msamaha niingie ndani nisitoke tena, na ningefanya hivyo kama si shangazi.

Shangazi yangu ni dada mkubwa wa baba. Aliolewa Mbeere zamani, na maisha yake yote amefuga mbuzi. Wiki hiyo alikuwa Embu mjini kwa binti yake, na kaka alimpakia kwenye pikapu akija. Muda wote huo alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, mlango wazi, miguu nje, akinywa soda. Sasa akainuka, akatembea polepole mpaka kwa baba.

"Teremsha huo mzigo," akamwambia.

Baba akauteremsha.

"Inama."

Akainama. Shangazi akaweka kidole gumba chini ya jicho la baba, akalivuta kope la chini, akachungulia. Akavuta na la pili. Kisha akashika kiganja chake, akakigeuza kwenye mwanga, akakiweka kando ya kiganja chake mwenyewe. Sote tukaviona. Cha shangazi kilikuwa chekundu chekundu, cha mwanamke aliyezoea kukamua maziwa kila asubuhi. Cha baba kilikuwa kama karatasi.

"Huyu hana damu," shangazi akasema. "Mbuzi akiwa na jicho kama hili hamalizi mwezi. Mimi humpa dawa ya minyoo, lakini huyu mpelekeni hospitali."

"Mimi si mbuzi," baba akasema.

"Mbuzi angekuwa ameshameza dawa na kurudi malishoni. Panda gari."

Mtu ambaye alikuwa akiwatetemesha makarani wa kituo cha majani chai alipanda pikapu kwa amri ya dada yake, bila kubadilisha hata viatu. Mama akaingia kando yake. Nyuma tukapanda mimi, baba mdogo, mchungaji, na wale wanawake walioweza kutosha, kwa sababu walisema hawawezi kuacha kazi katikati. Kiti cha magurudumu tukakifunga kwa kamba. Shangazi alibaki kumlinda ng'ombe.

Hospitalini Embu foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango na kukunja kona. Baba, ambaye njia nzima alikuwa amekataa hata kukitazama kile kiti, aliiangalia foleni kwa muda. Kisha akamwambia kaka, "Hebu kilete." Akakaa, akalegeza shingo kidogo, akaweka mikono mapajani. Mlinzi akatupisha. Nilimwona mama akiuma upindo wa leso yake asicheke.

Daktari alikuwa msichana mdogo, labda wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani, mwenye miwani na haraka. Alifanya kama shangazi: kidole chini ya jicho, kiganja kwenye mwanga. Akabonyeza kucha. Akaandika kwenye kadi, nami nikarefusha shingo. Aliandika "severe pallor", yaani kupauka sana.

"Nilisema!" nikapiga kelele. "Nilisema! Kaka, ona, pallor! Ni nomino ya neno lilelile!"

Daktari akanitazama. "Wewe ni muuguzi?"

"Mimi ni mwalimu wa Kiingereza."

"Basi ngoja nje kidogo, mwalimu."

Sikungoja mbali. Nilisimama nyuma ya pazia, nikasikia yote. Daktari akauliza mzee anatumia dawa gani. Baba akasema hakuna. Mama akafungua kiondo chake, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akakifungua juu ya meza: vidonge vya manjano vya magoti, vya kununua dukani, ambavyo baba amekuwa akimeza viwili viwili kila asubuhi kabla ya uji, tangu mvua za mwaka uliopita. Daktari akauliza kuhusu choo. Akauliza tena. Baba akasema kwa Kiembu, kwa sauti ndogo, kwamba mambo hayo hawezi kumwambia mtoto wa watu. Mama akayasema yeye. Alisema kwa miezi miwili yamekuwa meusi kama lami, na kwamba alikatazwa kumwambia yeyote.

Vile vidonge vilikuwa vimemtoboa tumbo polepole, daktari akatueleza baadaye, na damu ilikuwa ikivuja humo ndani bila kelele. Alikuwa amebakiwa na damu isiyofika nusu ya ile inayomfaa mtu. Alisema angeendelea kukata majani wiki moja au mbili zaidi, halafu angeanguka mahali, na pengine hapangekuwa na mtu karibu. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, akiangalia kadi. Kaka yangu aliketi kwenye benchi akaficha uso.

Kisha daktari akasema mgonjwa anahitaji kuongezewa damu leo, na familia itafute watu wa kutoa. "Najua ni vigumu kuwapata watu haraka," akasema. "Mko wangapi?"

Nikampeleka dirishani. Kule chini, kando ya pikapu, walikuwa wamekaa watu wote waliokuja kumwinua mzee aliyepooza. Mchungaji alikuwa akiwagawia mkate.

Alipoitwa na kuelezwa, mchungaji alisimama akakung'uta makombo. "Mungu ameanza," akasema, "sisi tunamalizia." Akakunja mkono wa shati. Wanawake wawili wakamfuata. Baba mdogo akaambiwa umri wake umepita, akabishana na muuguzi kwamba vyeti vya kuzaliwa vya zamani viliandikwa ovyo. Dada yangu akafika kutoka Thika wakati huohuo, akaingia mbio na macho yaliyovimba. Alipomkuta baba ameketi anamweleza muuguzi jinsi ya kupogoa chai, alinipiga kofi la bega kwanza, ndipo akanikumbatia.

Zamu ya kaka ilipofika, alikuwa amekwenda kuangalia gari. Alipoletwa, akasema yeye hana neno. Akakaa. Muuguzi akafunga mpira kwenye ule mkono wake mnene kama shina la mgumo. Kisha akaitoa sindano. Kaka akaiangalia, na mbele ya macho yangu, nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, rangi ikamtoka mtu huyo kama maji yanavyotoka kwenye beseni. Ilianza kwenye midomo, ikapanda mashavuni, ikafika masikioni. Akainama upande taratibu, kwa heshima, akaanguka juu ya mchungaji.

Tulimlaza kwenye kitanda cha jirani na baba. Alipozinduka, baba alikuwa amegeuza kichwa anamtazama.

"Huyu ndiye alikuja kunibeba?" baba akaniuliza.

Baba akawekewa mifuko miwili ya damu, mmoja siku ile na mwingine kesho yake. Hakuwahi kuambiwa ni damu ya nani hasa, kwa sababu mifuko huwekwa pamoja na ya wengine huko kwenye hifadhi, lakini alishikilia kwamba mfuko wa pili ulikuwa wa mchungaji kwani ulimfanya ausikie mwili mzito Jumapili asubuhi. Walimpa dawa za tumbo. Vile vidonge vya manjano mama alivirusha mwenyewe kwenye pipa la takataka la hospitali, akasimama hapo hadi mfagiaji alipolichukua pipa.

Siku ya tano tukamrudisha nyumbani. Kiti cha magurudumu kilirudi Runyenjes, ingawa baba alijaribu kukibakisha akisema kingefaa kubebea majani chai mpaka kwenye mizani. Mchungaji alihubiri habari za baba majuma mawili mfululizo, na hakudanganya popote. Alisema tu kwamba watu walikwenda kumwombea mzee apone ugonjwa asiokuwa nao, na hivyo ndivyo wakaujua ule aliokuwa nao. Baba alikaa benchi ya mbele, mafuta yanang'aa kwenye paji, amekunja uso kama mtu anayesingiziwa.

Siku moja kabla ya kurudi Siakago nilimkuta amekaa nje juani, peke yake, viganja vimefunguka juu ya magoti. Alikuwa akivitazama. Nikakaa karibu naye.

"Kwa nini hukutuambia, baba?"

"Mngesema niache chai," akasema. "Kaka yako angemwandika mtu. Halafu mimi ningekuwa nakaa hivi kila siku, nikitazama mtu mwingine anavyochuma vibaya."

"Tungesema hivyo, ndiyo."

"Unaona."

Ukungu ulikuwa umepanda juu ya msitu, na mteremko wote ulikuwa kijani cha kuumiza macho. Baada ya kitambo akainuka, akasema anataka kufika chini hadi kwenye kijito, aone kama mama amechuma mistari ya mwisho. Nilijua daktari alimkataza kilima. Naye alijua ninajua. Nikamfuata nyuma, hatua chache, kama mtu aliyekuwa na safari yake mwenyewe.

Kushuka hakukuwa na tatizo. Wakati wa kupanda alisimama mara tatu. Mara ya kwanza alisema anatazama kama kichaka hiki kina wadudu. Mara ya pili alisema mstari huu ulipandwa ukiwa umepinda, na akanionyesha kwa kidole, kwa muda mrefu, akivuta pumzi. Mara ya tatu hakusema kitu. Aliushika mche mmoja tu kwa mkono, kama anayeupima, akageuka kuniangalia kama nitathubutu kusema neno.

"Huo nao," nikasema, "unahitaji kukaguliwa vizuri."

"Unahitaji," baba akasema, tukasimama hapo pamoja tukaukagua.